Projekta Ikikata Slaidi, Usikimbilie Kuilaumu Linux

Unachomeka waya, ukutani inatokea slaidi iliyokatwa pembeni, au herufi zimevutika kama mpira. Wanakikundi wanaguna: "Si tulikwambia uweke Windows!" Dakika za kuwasilisha zinakwisha, na alama ni za kikundi kizima.

Skrini huchora picha kwa nukta. Laptopu nyingi za bei ya wanafunzi zina nukta 1366 kwa 768, projekta nyingi za zamani 1024 kwa 768. Zikitakiwa kuonesha picha moja, lazima moja ifuate kipimo cha mwenzake.

Kwa Ubuntu, bonyeza kwanza kitufe chenye alama ya Windows pamoja na P, uchague kuakisi. Bado? Fungua terminali, andika xrandr. Mara nyingi eDP-1 ni skrini yako, VGA-1 au HDMI-1 ni projekta; wewe tumia majina unayoyaona. Kama 1024x768 ipo pande zote mbili:

xrandr --output eDP-1 --mode 1024x768 --output VGA-1 --mode 1024x768 --same-as eDP-1

Skrini yako itakaa vibaya kidogo. Vumilia, wasomaji wako ukutani.

Kasheshe ni pale kipimo hicho hakipo kabisa upande wa projekta. Projekta hujitambulisha kwa laptopu kwa taarifa iitwayo EDID, inayopita kwenye waya uleule. Pini ya VGA ikivunjika, au adapta ikiwa mbovu, taarifa haifiki, na laptopu inabaki kubahatisha. Kwa hiyo badilisha waya kwanza, hata kabla ya kugusa terminali! Ikishindikana, ongeza kipimo mwenyewe:

xrandr --newmode "1024x768_60.00" 63.50 1024 1072 1176 1328 768 771 775 798 -hsync +vsync
xrandr --addmode VGA-1 1024x768_60.00
xrandr --output VGA-1 --mode 1024x768_60.00

Namba hizo sikuzitunga. Andika cvt 1024 768 utazipata. Ukizima mashine zinafutika.

Amri zikigoma, andika echo $XDG_SESSION_TYPE. Jibu likiwa wayland, xrandr haina mamlaka hapo: tumia mipangilio ya skrini, au toka na uingie upya kwa Xorg kama ipo kwenye alama ya gia.

Ukimaliza, xrandr --output eDP-1 --auto inakurudishia skrini yako.