Kidonge cha Kutafuna kwa Mwenye Kichefuchefu

Aliyewahi kupanda kamioni katika njia za milima, au kuvuka ziwa siku ya mawimbi, ajua jinsi kichefuchefu kinavyomshinda hata mtu mwenye nguvu. Dawa ipo. Lakini anayetapika huchukizwa na maji ya kumezea, na mtoto mdogo hajui kumeza kidonge kizima. Ndiyo sababu wataalamu walitafuta kidonge cha kutafuna.

Dawa yenyewe, dimenhidrinati, ilitambuliwa kwa bahati. Mwaka 1947, katika hospitali ya Johns Hopkins mjini Baltimore, Marekani, waganga Leslie Gay na Paul Carliner walimpa mama mmoja dawa hiyo kwa ajili ya vipele vya kuwasha. Mama huyo alikuwa akichafukwa na moyo kila alipopanda tramu. Sasa akaona kwamba akiisha kumeza dawa, safari haimsumbui tena. Waganga hawakusadiki upesi, nasi twawasifu kwa hilo. Mwezi wa Novemba mwaka ule ule waliijaribu katika meli General Ballou, iliyochukua askari zaidi ya 1,300 kutoka New York hadi Bremerhaven, Ujerumani. Wengine walipewa dawa, wengine sukari tupu mahali pa dawa. Tofauti ilionekana wazi.

Kuigeuza dawa hiyo iwe ya kutafuna ni kazi nyingine. Kidonge cha kumeza hupita ulimini upesi, tena aghalabu huvikwa ganda la kuficha uchungu. Meno hulivunja ganda lile, na dawa hii ni chungu, tena hutia ulimi ganzi. Kumpa mwenye kichefuchefu kitu kichungu si kumsaidia! Basi watengenezaji huweza kuivika kila punje ya dawa utando mwembamba, kisha huichanganya na manitoli, sukari yenye ubaridi mdomoni, na ladha ya chungwa. Watu wazima wenye afya huombwa kuonja na kutoa hukumu yao.

Lakini utando ukizidi unene, dawa huchelewa kutoka. Kwa hiyo kidonge hutiwa katika chombo cha maji yenye joto la mwili, nyuzi 37, kasia dogo likizunguka ndani, na kila baada ya dakika kadhaa hupimwa dawa iliyokwisha kuyeyuka. Vingine huzungushwa mara 100 katika pipa dogo kuona kama vitamomonyoka. Kikiwa kigumu mno chaumiza meno. Kikiwa laini mno chafika unga kwa mgonjwa.

Limebaki jambo linalotutia wasiwasi: kadiri uchungu unavyofichwa, ndivyo mtoto anavyokidhani kuwa pipi. Kidonge cha mtu mzima kina miligramu 50, na mtoto wa chini ya miaka 2 hapewi bila amri ya mganga. Tena dawa hii huleta usingizi, hata dereva wa ile kamioni asiitafune.