Soko la shanga liko Arusha, hesabu ianzie Samunge

MWAKA 2011 soko liliifuata Samunge nyumbani. Maelfu ya watu walifika katika kijiji hicho cha Wilaya ya Ngorongoro kunywa kikombe cha Mchungaji mstaafu Ambilikile Mwasapile, Babu wa Loliondo, kwa shilingi 500. Magari yalipanga foleni ya kilometa nyingi, na mwenye chai, maji au mahali pa kumlaza mgeni alipata wateja asiowatafuta. Umati ulipopungua, biashara nayo ilididimia. Babu alifariki dunia Julai 2021.

Wageni, hata hivyo, hawajaacha kuja mkoani Arusha. Ila sasa mwenye mali ndiye anayepaswa kuwafuata, na mahali pamoja wanapopatikana ni kituo cha sanaa cha Cultural Heritage, pembezoni mwa Jiji la Arusha, kando ya barabara iendayo Dodoma.

Kituo hicho kilianzishwa mwaka 1994 na mfanyabiashara Saifuddin Khanbhai. Majengo yake yana maumbo ya ngoma, ngao na mkuki. Ndani kuna vinyago vya mpingo vya Wamakonde, picha za Tingatinga, sanaa za kale kutoka pande nyingi za Afrika, vito vya tanzanite na mapambo ya shanga. Kiko katika njia ya watalii waendao Manyara, Ngorongoro na Serengeti.

Kwa akina mama wa Kisonjo na Kimaasai wanaotunga shanga, ziara ya kwanza katika jumba kama hilo iwe ya kutazama. Waangalie vifungo, unene wa uzi, ulinganifu wa rangi na vipimo. Mtalii hanunui mkufu unaokatika akiwa hotelini, na mwenye duka hapokei mikufu 20 ambayo kila mmoja una kipimo chake.

Gharama zijulikane

Hatua ya pili ni hesabu. Wengi huhesabu bei ya shanga na kusahau siku zao za kazi na safari. Kwa mfano, kama shanga na uzi wa mkufu mmoja ni shilingi 4,000, na kazi ya siku mbili ni shilingi 10,000, mkufu umeshagharimu shilingi 14,000 kabla ya kutoka kijijini. Kama nauli, chakula na malazi ya Arusha ni shilingi 100,000, anayepeleka mikufu 10 anaongeza shilingi 10,000 kwa kila mkufu, na gharama inafika shilingi 24,000. Kikundi kinachomtuma mtu mmoja na mikufu 50 kinaongeza shilingi 2,000 tu, na gharama inakuwa shilingi 16,000. Anayeuza kwa shilingi 20,000 atapata hasara akienda peke yake, na faida akienda kwa niaba ya kikundi.

Tatu ni namna ya kulipwa. Duka likitaka mali kauli, yaani mzigo ulipwe baada ya kuuzwa, muuzaji aandikiwe idadi, bei na tarehe ya kulipwa, na hati isainiwe na pande zote mbili. Fedha iliyolala dukani miezi mitatu haiwezi kununua mbegu.

Nne ni majira. Watalii huongezeka kuanzia Juni hadi Oktoba na hupungua wakati wa masika. Basi shanga zitungwe mapema, mzigo ufike mjini kabla msimu haujaanza.

Shamba lisiachwe. Mwaka 2020, ugonjwa wa korona uliposimamisha ndege za kimataifa, maduka ya sanaa yalikosa wateja. Wakati huo mahindi, maharage na asali viliendelea kuliwa. Kwa kaya ya Samunge yenye zamu ya maji ya mfereji, shanga ziwe fedha ya ada za shule na matibabu, chakula kiendelee kutoka shambani.