Mlingoti ndani ya jino

Msomaji mmoja wa Igogo, Mwanza, ameniandikia kwamba jino lake la mbele limeshatibiwa mzizi, na sasa daktari anataka kulitia faiba badala ya chuma. Anauliza: "Faiba si ile ya boti? Kati yake na chuma, kipi kina nguvu?"

Ndiyo, ni ndugu wa ile ya boti. Habari za jino kuoza na mzizi kusafishwa naziruka, zimeandikwa sana. Mara nyingi kinachobaki juu ya ufizi ni kisiki tu, na taji la bandia halina pa kushika. Hapo daktari huchukua keekee, akaufungua tena mfereji wa mzizi, akaacha milimita 4 au 5 za kijazio zizibe ncha ya chini, kisha akagundisha ndani yake kijiti chembamba kuliko njiti ya kiberiti.

Kijiti hicho tukiiteje? Wengi wanasema nguzo, nami nguzo siitaki, maana nguzo huimarisha jengo. Kigingi nacho hupigwa nyundo, na humu nyundo ni mwiko. Mimi nasema mlingoti. Mlingoti haumo chomboni ili kukipa chombo nguvu, umo ili kushika tanga. Kijiti hiki nacho hakiuongezei mzizi nguvu. Kazi yake ni kushika kilicho juu.

Tena mlingoti hupinda. Mtazame mvuvi anayerudi na tanga, upepo wa ziwani ukimpiga ubavuni: mti unainama, unarudi, unainama tena. Sasa ung'oe, usimike bomba la chuma. Bomba haliinami, lakini upepo haujapungua hata chembe. Msukumo wote unashuka hadi shinani, kwenye ubao uliolipokea bomba, na ubao ndio unaopasuka. Maji yanaingia chomboni, na bomba bado limenyooka vilevile.

Jino la mbele husukumwa hivyohivyo, kwa mshazari, kila unapong'ata muhogo. Dentini, ambayo ndiyo mwili wa mzizi, hupinda kidogo mno, lakini hupinda. Ukakamavu wake, yaani jinsi inavyokataa kupinda, ni gigapaskali 18 hivi. Titani ina 110, chuma cha pua karibu 200. Kwa hiyo ndugu yangu wa Igogo, chuma kina nguvu kweli, ila ukaidi wake ndio unaoweza kuupasua mzizi kwa urefu, na mzizi uliopasuka hivyo kwa kawaida hung'olewa.

Faiba ni nyuzi za kioo, kila moja nyembamba kuliko unywele, zilizogandishwa kwa resini. Fundi wa boti hutandika mkeka wa nyuzi zinazokwenda huku na huku, akaupaka resini kwa brashi, ili boti iwe imara pande zote. Kwenye kijiti cha jino nyuzi zote zinalala upande mmoja, kama nyuzi za muwa. Kivute kwa urefu, kinakaza. Kisukume kwa ubavu, kinalegea, na ukakamavu wake unashuka kuisogelea dentini. Hapa ndipo moyo wangu ulipo: kitu kimoja kina tabia mbili, kutegemea unakisukuma kutoka wapi! Mzizi na mlingoti wake huinama pamoja, na mzigo ukizidi, mara nyingi kinachoachia kwanza ni gundi.

Duret na wenzake wa Ufaransa, walioandika juu ya vijiti hivi mwaka 1990, walitumia kaboni. Kaboni ni nyeusi, ikatia kivuli chini ya taji. Kioo hakina kivuli, tena hupitisha mwanga wa buluu wa taa ya daktari kuelekea chini, na gundi huganda kwa mwanga huo.

Bila shaka lazima ubaki ukuta wa jino zima wa milimita 2 hivi juu ya ufizi, taji liukumbatie kama pete ya mpini wa kisu, na kwa wagonjwa matokeo ya faiba na ya chuma hayatofautiani kila mara kama yanavyotofautiana maabara.

Siku taji likikutoka na kijiti cheupe kimening'inia chini yake, usilitupe, wala usilibandike mwenyewe kwa gundi ya dukani. Litie kwenye kichupa safi, panda nalo daladala umrudie daktari. Akikuta mzizi mzima, atausafisha na kugundisha upya.