Docteur Nico aliliza gitaa la Hawaii katika rumba: nani atalishika tena Bunia?

BUNIA – Ukisikiliza kwa makini baadhi ya nyimbo za African Fiesta Sukisa, bendi aliyoiongoza Docteur Nico katika miaka ya 1960, utasikia gitaa moja lisilopigwa kama mengine. Noti yake haikatiki. Inapanda ikiteleza, inatetemeka kidogo, kisha inashuka polepole kama mtu anayemaliza kulia. Aliyekulia na rumba ya zamani redioni anaifahamu sauti hiyo, hata kama hajawahi kuambiwa jina la chombo kinachoitoa.

Ni gitaa la Hawaii. Ndilo hilo hilo linalosikika katika muziki wa country wa Marekani, nyuma ya sauti za Hank Williams na Dolly Parton. Huko Marekani lina wapigaji, walimu na mafundi wa kulitengeneza hadi leo. Huku Kongo lilishikwa na mmoja wa wapiga gitaa wakubwa kuwahi kutokea barani Afrika, lakini halikupata nafasi ya kudumu katika okestra zilizofuata.

Kwa nini chombo kimoja kiote mizizi upande mmoja wa dunia na kunyauka upande mwingine? Sababu ni nyingi, kuanzia bei hadi mitindo ya muziki. Lakini ipo moja isiyozungumzwa sana: Wamarekani waliiona mikono ya mpigaji. Sisi tulisikia sauti tu.

Kutoka Hawaii hadi Nashville

Kijana anayetajwa kuwa mwanzilishi wa upigaji huu ni Joseph Kekuku, mzaliwa wa Laie katika visiwa vya Hawaii. Mnamo mwaka 1889 hivi, akiwa bado mwanafunzi, alianza kulilaza gitaa mapajani na kutelezesha kipande cha chuma juu ya nyuzi badala ya kuzibonyeza kwa vidole.

Tofauti ilikuwa kubwa. Kidole kinapobonyeza uzi, noti huruka kutoka hatua moja kwenda nyingine, kama mtu anayepanda ngazi. Chuma kinapoteleza, noti hupita kila mahali katikati ya hatua hizo, kama sauti ya mtu anayeimba. Ndiyo maana watu husema gitaa hili "linalia".

Maonyesho makubwa ya mwaka 1915 mjini San Francisco yaliwafanya Wamarekani wengi waupende muziki wa Hawaii. Mwaka 1932 kampuni iliyokuja kujulikana kama Rickenbacker ilianza kuuza gitaa la umeme la kulaza mapajani, lililopewa jina la utani la "Kikaango" kwa sababu ya umbo lake la duara lenye mkono mrefu. Lilikuwa miongoni mwa magitaa ya kwanza kabisa ya umeme kuingia sokoni duniani. Kwa maneno mengine, kabla gitaa la umeme halijaning'inizwa begani, lililazwa mapajani.

Waimbaji wa country walilichukua na kulifanya lao. Baadaye mafundi waliliongezea miguu ya kusimamia, pedali za kukanyaga na vyuma vya kusukuma kwa magoti, ili mpigaji aweze kubadilisha sauti ya uzi mmoja huku mwingine ukiendelea kulia. Mwaka 1954 wimbo wa Webb Pierce uitwao "Slowly", uliopigwa gitaa hilo na Bud Isaacs, ulishika chati za country. Wapigaji wenzake walisikia redioni kitu ambacho mikono yao haikuweza kukifanya, na wengi wakakimbilia kufunga pedali kwenye magitaa yao.

Televisheni iliyoonyesha mikono

Kisha ikaja televisheni. Kipindi cha Porter Wagoner, kilichorushwa kuanzia mwaka 1960 hadi 1981, kilikuwa cha country ya jadi: nusu saa ya nyimbo, vichekesho na matangazo ya biashara. Mpigaji wake wa gitaa la chuma alikuwa Don Warden, ambaye baadaye alisimamia kwa miaka mingi shughuli za Dolly Parton.

Dolly mwenyewe alijiunga na kipindi hicho mwaka 1967. Alipoamua kuondoka alimtungia Porter wimbo wa kumuaga, "I Will Always Love You", ulioingia sokoni mwaka 1974. Wengi wetu tuliufahamu baadaye, mwaka 1992, kupitia kwa Whitney Houston.

Lakini nyuma ya nyota hao wawili kulikuwa na somo la bure. Kila wiki, kijana wa kijijini mwenye televisheni nyumbani au kwa jirani aliweza kumwona mpigaji amekaa, chuma kimeshikwa mkono wa kushoto, na vidole vya kulia vikidonoa nyuzi. Aliweza kuona kwamba chuma hakibonyezi uzi hadi chini, kinaugusa tu. Hilo sikio peke yake haliwezi kukufundisha.

Sauti bila mwili

Huku Afrika Mashariki, muziki huo ulifika kwa njia ya santuri. Rekodi za Jimmie Rodgers, ambaye tangu mwaka 1928 aliwatumia wapigaji wa gitaa la kutelezesha chuma katika baadhi ya nyimbo zake, zilivuka bahari hadi vijijini Kenya.

Mwaka 1950 mtafiti Hugh Tracey alirekodi wasichana wa Kipsigis katika eneo la Kericho wakiimba juu ya kiumbe aitwaye "Chemirocha". Jina hilo lilitokana na Jimmie Rodgers. Sauti ilitoka kwenye kisanduku, lakini mwenye sauti hakuwahi kuonekana. Katika simulizi akageuka kuwa nusu mtu, nusu swala.

Watu huicheka hadithi hiyo, lakini ina funzo. Sauti ikisafiri bila mwili, msikilizaji hulazimika kuubuni mwili huo. Na mwili wa kubuni haumfundishi mtu kupiga gitaa.

Linganisha na gitaa la Katanga. Miaka miwili baadaye, mwaka 1952, Tracey huyo huyo alimrekodi Jean-Bosco Mwenda huko Jadotville, mji tunaouita leo Likasi. Mwenda alipiga gitaa kavu kwa kidole gumba na cha shahada, huku akiimba kwa Kiswahili. Mtindo huo ulienea hadi Nairobi, ambako Mwenda na Edouard Masengo walikwenda kufanya kazi. Waliotaka kuiga waliweza kukaa karibu na kuangalia vidole.

Hata Mwingereza John Low, mpiga gitaa aliyekuwa tayari na rekodi za wazee hao, hakuridhika na kusikiliza. Alisafiri hadi Lubumbashi kujifunza ana kwa ana, na mwaka 1982 akachapisha kitabu kuhusu safari hiyo, "Shaba Diary".

Nico na chombo kisicho na warithi

Nicolas Kasanda, ndiye Docteur Nico, alizaliwa Mikalayi, Kasai, mwaka 1939. Alikuwa bado kijana mdogo alipoingia African Jazz ya Joseph Kabasele, na mwaka 1960 alikuwa Brussels na kundi lililorekodi "Indépendance Cha Cha". Mwaka 1963 yeye na Tabu Ley Rochereau walijitenga na kuunda African Fiesta. Wawili hao walipoachana, Nico akaendelea na African Fiesta Sukisa akiwa na kaka yake, Dechaud, kwenye gitaa la kusindikiza.

Katika kipindi hicho ndipo alipoliingiza gitaa la Hawaii katika rumba. Hakuliiga kama lilivyokuwa Marekani. Huko lilitumika kuongeza huzuni kwenye nyimbo za mapenzi yaliyovunjika. Nico aliliweka juu ya mdundo wa kucheza, likajibizana na waimbaji kana kwamba ni mwimbaji mwenzao.

Televisheni ya taifa ilianza Kinshasa mwaka 1966, lakini Bunia iko zaidi ya kilomita 1,500 kutoka huko. Kwa msikilizaji wa Ituri wa wakati ule, Nico alikuwa redio na santuri. Mikono yake haikufika hapa. Kisha ukaja wimbi la vijana wa Zaïko Langa Langa, kundi lililoanzishwa mwaka 1969, na sebene likawa ndilo moyo wa wimbo. Sebene linataka noti fupi, za haraka, zinazojirudia. Chuma kinachoteleza taratibu kilikosa mahali. Nico alifariki Brussels mwaka 1985.

Haikuwa lazima iwe hivyo. Nchini Nigeria, King Sunny Adé alilikaribisha gitaa la pedali katika muziki wa juju, na mpigaji wake Demola Adepoju anasikika kwenye albamu ya "Juju Music" ya mwaka 1982. Adepoju huyo huyo alipiga katika wimbo wa "Graceland" wa Paul Simon, mwaka 1986. Mwafrika alilitoa gitaa hilo Lagos na kulirudisha Marekani likiwa na lafudhi nyingine.

Linalowezekana Bunia

Gitaa jipya la pedali la daraja la kitaalamu huuzwa kwa maelfu ya dola. Kwa mji ambao kijana anahangaika kupata hata nyuzi za akiba, hilo si la kuzungumzia. Lakini Kekuku hakuanza na pedali. Alianza na gitaa la kawaida, na gitaa la kawaida lipo Bunia, hasa makanisani.

Kazi ya kwanza ni kuinua nyuzi. Chini yake, pale zinapopita kuingia kichwani mwa gitaa, unawekwa mfupa, mti mgumu au chuma chembamba ili zikae juu, mbali na shingo. Karibu sentimita 1 inatosha. Chuma kikipita kisigonge shingo.

Kazi ya pili ni kubadilisha sauti za nyuzi. Gitaa la kawaida, kutoka uzi mnene hadi mwembamba, ni mi, la, re, sol, si, mi. Linashushwa liwe re, sol, re, sol, si, re. Ni nyuzi 3 tu zinazoguswa, na zote zinalegezwa, kwa hiyo hazikatiki. Ukizipiga zote bila kuzigusa kwa chuma, unapata akodi kamili ya sol. Weka chuma kwenye alama ya 5 unapata do. Kwenye alama ya 7 unapata re. Kwa akodi hizo 3 unaweza kusindikiza nyimbo nyingi za ibada.

Kazi ya tatu ni chuma chenyewe. Kinatakiwa kizito, cha mviringo, laini na kirefu cha kutosha kufunika nyuzi zote. Pini ya pistoni ya gari, ile inayobaki gereji injini ikishafunguliwa, inafaa. Inakaa juu kabisa ya alama, si nyuma yake kama kidole kinavyokaa. Vidole vilivyo nyuma ya chuma vinalala juu ya nyuzi ili zisipige kelele.

Baada ya hapo mwalimu ni sikio. Gitaa hili halina kizuizi cha kukusahihisha. Ukipita kidogo, umekosea, na kila mtu amesikia. Njia nzuri ni kuimba noti kwanza, kisha kuitafuta kwa chuma. Halihitaji umeme, jambo la maana katika mji unaojua giza.

Urithi ni mikono

Desemba 2021, UNESCO iliiweka rumba ya Kongo katika orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika, kwa ombi la pamoja la Kinshasa na Brazzaville. Ilikuwa furaha ya haki. Lakini urithi wa aina hiyo hauhifadhiwi kabatini. Unakaa ndani ya watu, na watu hufa.

Ituri inalijua hilo kuliko majimbo mengi. Jimbo hili limepita katika vita vya mwaka 1999 hadi 2003, na tangu Mei 2021 liko chini ya utawala wa kijeshi kwa sababu ya mashambulizi ya makundi yenye silaha. Kila mara watu wanapokimbia kijiji, mzee anayejua kupiga chombo fulani anaweza kuondoka na elimu yake bila kumwachia mtu.

Leo karibu kila kwaya inayorekodi Bunia inarekodi na video. Katika video nyingi za aina hiyo, kamera hukaa kwenye nyuso na mavazi ya waimbaji, kisha inahamia kwa wachezaji. Mpiga gitaa huonekana kwa mbali, dakika chache, mikono ikiwa imefichwa na mtu mwingine.

Kumgeuzia mpigaji kamera kwa wimbo mmoja mzima, karibu kiasi cha kuonekana vidole, hakuongezi gharama yoyote. Kipindi cha Nashville kilifanya hivyo bila kukusudia kuwa shule. Mpiga gitaa wa Bunia, awe anatumia vidole au pini ya pistoni, naye anastahili dakika hizo 4 ili kijana wa Mahagi, Aru au Mambasa mwenye simu mkononi aone jinsi inavyofanyika.