Umenunua, ama uko mu bwasa?

Bandugu, leo nataka tuongee juu ya neno moja tu: kununua. Tunaliona kila siku ku telefone. Nunua buku, nunua mchezo, nunua muziki. Tunabonyeza, makuta inatoka, na tunasema "hii ni yangu". Lakini ni yako namna gani?

Sisi wa agronomia tulipitia kozi ya sheria ya ardhi, hata kama wengi waliisoma usiku wa mwisho mbele ya egzame. Ile sheria ya tarehe 20/7/1973, artikle 14, inasema kuwa mwenye mali ni kuwa na haki ya kutenda na kitu chako kabisa na wewe peke yako, isipokuwa pale sheria ama haki za wengine zinakuzuia. Ndiyo maana jembe niliyonunua soko ya Kadutu naweza kuiazimisha, kuiuza tena, kubadilisha mpini wake, ama kumwachia mtoto wangu. Aliyeniuzia haji usiku kuikamata.

Wazee wa Bushi walikuwa wazi kuliko sisi katika hayo mambo. Kuna bugule: unanunua shamba, imeisha. Kuna kalinzi: unatoa ng'ombe kwa mwami ama kwa mkubwa wa mahali, shamba inabaki kwako na kwa watoto wako, lakini ule uhusiano na aliyekupa haukatiki. Halafu kuna bwasa: unapewa shamba kwa msimu, unalima maharagi ama mahindi, lakini huna ruhusa ya kupanda ndizi wala kahawa. Sababu mti wa miaka mingi ni alama ya mwenye shamba, na wewe ni mpita njia.

Vitu vingi vya intaneti tunauziwa kwa jina la bugule, lakini kontra ile ndefu tunayokubali bila kusoma ni ya bwasa. Ndani yake wanatumia neno lisanse. (Sisi kwetu lisanse ni diplome yenye wazazi walituuzia mbuzi. Kule maana yake ni ruhusa tu, na ruhusa inaondolewa.)

Iliondolewa kweli. Mwezi wa 7, 2009, watu wa Marekani waliamka wakakuta buku mbili za George Orwell, 1984 na Animal Farm, zimetoka ndani ya mashini zao za kusomea, Kindle ya Amazon. Aliyeziweka sokoni hakuwa na haki ya kuziuza, basi Amazon ikazifuta kutoka mbali na kurudisha makuta. Mwanafunzi mmoja alikuwa ameandika maelezo yake ya shule juu ya ile buku. Maelezo yakabaki yanaelekeza ku kurasa zisizokuwepo. Jeff Bezos aliomba samahani. Kisha mwaka wa 2019 Microsoft ilifunga duka lake la buku, na buku zote zilizouzwa pale zikaacha kufunguka. Walirudisha makuta, hapo siwasemi vibaya. Lakini mwenye kuuza maktaba akirudisha makuta na kubeba vitabu nyumbani kwako bila kubisha hodi, utaita ile biashara namna gani?

Buku ni kitu chepesi. Ugonjwa uliingia pia ndani ya vyuma. Kulikuwa na chombo kinaitwa Revolv, cha kuongoza taa na vitu vingine vya nyumba, bei dola 300. Kampuni ya Nest, ya upande wa Google, iliinunua Revolv, na mwezi wa 5, 2016 ikazima serveri yake. Kile chombo kilikuwa kizima, hakikuvunjika, lakini hakikufanya kazi tena. Sababu akili yake haikukaa ndani ya nyumba ya mnunuzi, ilikaa ku ordinatere ya kampuni.

Sasa nifike ku trakta, hapa ndipo inaniuma. Trakta ya leo ina vyombo vingi vidogo vya kupima, na programu inayovisoma. Kimoja kikiharibika, programu inaweza kupunguza nguvu ya motere ama kuisimamisha. Mkulima anaweza kupata kipande kipya na kukifunga mwenyewe, lakini kuna vipande trakta haivikubali mpaka fundi wa kampuni aje na programu yake kuviidhinisha. Na mvua haingojei fundi. Marekani ina sheria ya 1998 inayokataza kuvunja kufuli ya namna hiyo. Mwaka wa 2015 John Deere iliandikia ofisi ya haki za watunzi kwamba mkulima ana lisanse ya kuendesha ile programu muda trakta iko hai. Yaani chuma ni bugule, akili yake ni bwasa! Mwaka ule ule wakulima walipata ruhusa ya kuvunja kufuli kwa ajili ya kutengeneza. Jimbo la Colorado lilipitisha sheria mwaka wa 2023 ya kulazimisha makampuni kuwapa wakulima vyombo na maelezo ya kutengeneza, na mwezi wa 1, 2025 serikali ya Marekani yenyewe ilipeleka Deere mahakamani.

Mwaka wa 2022 trakta na mashini za kuvuna ziliibwa Melitopol, Ukraine, zikapelekwa mpaka Chechnya. Zilipofika zilikuwa zimefungwa kutoka mbali. Watu walicheka wezi. Mimi niliona kitu kingine: mkono unaoweza kufungia mwizi unaweza pia kufungia mwenyewe.

Mtasema trakta ya namna hiyo haiko kwetu. Sawa. Lakini plake za jua za kulipa pole pole ziko, na zinazimika ukichelewesha malipo. Kwa hiyo sina ubishi: haujamaliza kulipa, kitu si chako bado, na bila ile kufuli hakuna angekukopesha. Swali langu ni siku baada ya malipo ya mwisho. Mobisol, kampuni ya Ujerumani iliyouza mitambo ya hivyo Tanzania, Rwanda na Kenya, ilifilisika 2019. Bahati nzuri Engie ya Ufaransa iliinunua. Isingepata mnunuzi, nani angetuma kode ya kufungua?

California, tangu tarehe 1/1/2025, muuzaji haruhusiwi kuandika "nunua" juu ya buku ama mchezo wa intaneti bila kumwambia mtu wazi kwamba anapata lisanse, isipokuwa kama mtu anaweza kuhifadhi kitu chenyewe mahali intaneti haihitajiki. Haifanyi bwasa kuwa bugule. Inalazimisha tu iitwe bwasa.

Kooperative moja ya Kabare ninayoisaidia ililetewa pompi ya jua ya kumwangilia mboga, ya kulipa miezi 24. Wamama walitaka kutia sahihi siku ile ile. Niliomba tumuulize muuzaji kwanza: tukimaliza kulipa, kufuli inatolewa kabisa ama inabaki imelala? Bila reso, pompi inafanya kazi? Na kampuni ikifungwa ku mwezi wa 15, nani anabaki na kode? Ya kwanza na ya pili alijibu vizuri, tukamwomba ayaandike ndani ya kontra, akakubali. Ya tatu alisema ataiuliza Kinshasa. Kontra iko ku meza ya prezida wa kooperative, haina sahihi bado.