Msoma Habari na Ukurasa Wake

Hivi karibuni nilialikwa Meru mjini kwenye mahafali ya madrasa, na baada ya swala ya Magharibi nikaketi na wenyeji wangu kutazama taarifa ya saa moja. Waliokuwa wakisoma ni Rashid Abdalla na mkewe Lulu Hassan, watoto wetu wa pwani, nami nakiri nilijiona niko nyumbani. Taarifa ilipokwisha, kijana wa nyumba ile alinyanyua simu. “Sasa, Maalim, tuone watangazaji wanasema nini wenyewe,” akaanza kupitia kurasa zao, mmoja baada ya mwingine. Yeye anatamani kusoma habari kwa Kimeru, Weru TV au Baite TV, na ukurasa wake ameshaufungua kabla ya kupata kazi. Mama yake alinivuta kando. “Sheikh, mwambie aache.”

Mtu anayesikilizwa na nchi nzima anatafuta nini tena kwenye ukurasa wake? Msikitini, jamaa ikiwa kubwa, mubaligh hupaza takbira ya imamu ili safu za nyuma zisikie. Sauti ni yake, takbira si yake, wala hana ruhusa ya kuongeza neno. Msoma habari ndiye mubaligh wa chumba cha habari. Wengine wameandika, mhariri amepitisha, yeye anasoma kwa uso usioonyesha furaha wala hasira. Baada ya miaka kumi watu wanaijua sura yake, rai yake hawaijui. Kwenye ukurasa wake ameshatoa salamu na kuwageukia watu.

Kuna na sababu ya riziki. Tarehe 30 Januari 2018 serikali ilizima Citizen, NTV na KTN News siku Raila Odinga alipojiapisha katika bustani ya Uhuru. Linus Kaikai, Larry Madowo na Ken Mijungu wa NTV walilala kazini wakihofia kukamatwa, na Madowo akawa anaeleza hali kwa simu yake. Mwezi wa Machi safu yake katika Daily Nation ilikatizwa, na waandishi wanane wa safu za kampuni hiyo wakajiondoa wakilalamikia kuingiliwa. Yeye akaenda BBC, kisha CNN. Kituo huzimwa na safu hufutwa. Jina mtu huondoka nalo, na aliyemfuata kwa jina hakumpoteza.

Mhariri humkera mwandishi, najua, hata kijarida hiki kina wake. Lakini ndiye anayeuliza, “Umelisikia kwa nani?” Ukurasa binafsi hauna mtu huyo. Msomaji huja na imani aliyoijenga mbele ya runinga, akakuta maoni, mara tangazo la sabuni, na sura ni ile ile. Wanazuoni wa hadithi hawakumpokea mpokezi kwa uzuri wa sauti.

Hofu ya mama haikuwa hiyo. Desemba 2023 Daniel Muthiani, aliyejulikana kama Sniper, aliyekuwa akiandika mitandaoni juu ya siasa za kaunti ya Meru, alitoweka, na mwili wake ukapatikana mtoni Tharaka Nithi. Kesi ya mauaji ilifikishwa mahakamani. Mwaka mmoja baadaye, kule Embu, kijana mwingine alinyakuliwa kwa sababu ya alichokiweka mtandaoni, akaachiliwa Januari 2025.

“Mtangazaji wa Nairobi ana kampuni, ana wakili, na sura yake inajulikana,” alisema. “Mwanangu ana nani?”

Sikuwa na jibu la kumtosha. Hata hivyo sikumwambia kijana aache. Nilimwomba mambo matatu: aandike kwa jina lake, asiandike asilolihakikisha, na amsomee mama yake kabla ya kulituma. Mawili ya kwanza aliyakubali. La tatu alilicheka.

Asubuhi, nikisubiri gari la kuelekea Embu, mama alinipigia simu. Alisomewa usiku, nami nikiwa nimelala. Ilihusu taa za barabarani za Majengo, akaniambia, na alimfanya abadilishe mstari mmoja.