Filme ya kuogopesha ndani ya mugodi

Kule Amerika, tarehe 31 Oktoba, usiku wa Halloween, watu wanaangalia mafilme ya kuogopesha. Moja inatugusa sisi watu wa mugodi: My Bloody Valentine, ya Kanada, mwaka 1981. Waliipiga ndani ya mugodi wa kweli wa makaa, uliokwisha kufungwa, kule Sydney Mines. Wenyeji wakausafisha mbele watu wa sinema wafike. Ikabidi kuuchafua tena!

Muuaji iko na taa kichwani, maski ya gaz, sururu mukononi. Kweli, huyo haogopeshi sana. Kinachoogopesha ni chanzo: makaa hutoa gaz inayolipuka, na wakubwa wawili wa kazi walikimbilia dansi bila kuipima. Wachimbaji wakafukiwa chini. Mama ambaye bwana yake iko kazini usiku, asiiangalie peke yake.